Maktaba Inayofuata Msimu: Mwongozo kwa Mkutubi wa Kijijini na Familia Yake

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkutubi aliyepangiwa, au aliyejitolea, kuendesha maktaba ndogo mahali ambapo karibu kila kaya inaishi kwa jembe. Mifano nimeichukua Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, yaani Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi hii na ndiko ninakolelea watoto wangu. Anayeishi kwenye mvua za vuli na masika, kama Kilimanjaro au Tanga, atabadilisha miezi, lakini utaratibu utabaki uleule. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba kalenda ya maktaba ya kijijini haina budi kufuata kalenda ya shamba, na kalenda ya nyumba ya mkutubi nayo iandikwe hapohapo, kwenye karatasi ileile.

Huduma ya maktaba nchini iliwekewa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Baada ya mwaka 1970, ambao ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, maktaba za vijiji zilienea ili waliokwisha kujua kusoma na kuandika wasisahau. Nyingi hazikudumu. Ugumu wa uchumi wa miaka ya 1980 ulikausha vitabu vipya, na hilo linajulikana. Mimi naamini pia kwamba maktaba inayofunguliwa kwa saa za mjini, katika kijiji ambacho watu wote wako shambani saa hizo, hujiondolea wasomaji yenyewe hata ikiwa rafu zimejaa.

Kuanza na miezi

Chukua karatasi kubwa ya manila na uigawe katika miezi 12. Kwenye safu ya kwanza andika kazi za shamba za eneo lako. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mahindi hupandwa Novemba na Desemba, palizi na mbolea ya kukuzia huchukua Januari na Februari, na mavuno huanza Mei na kumalizika Julai. Kuanzia Agosti hadi Oktoba watu hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hufyatua matofali, huozesha watoto wao na kuandaa mashamba upya. Usiandike mambo haya kwa kukisia ukiwa ofisini. Kaa na afisa ugani na wazee wawili watatu, mwanamke akiwemo, kwa sababu kazi za wanawake, kama kupanda maharage kati ya mistari ya mahindi au kuchota maji ya kumwagilia bustani, mara nyingi hazitajwi na wanaume.

Safu ya pili iwe ya shule. Mtihani wa kumaliza darasa la saba huwa Septemba na ule wa kidato cha nne huanza Novemba, kwa hiyo wanafunzi hujaa maktabani kipindi kilekile ambacho wakulima nao wamepata nafasi. Miezi ya Julai hadi Oktoba ndiyo miezi yako ya kazi nzito, na likizo yako isiangukie humo. Safu ya tatu ni ya nyumba yako: shamba lenu linapandwa lini, nani atasimamia vibarua, ada inalipwa lini, mama mkwe anakuja lini. Safu hii wengi huiruka kwa kuona kwamba mambo ya nyumbani hayastahili kubandikwa kazini. Basi iandike kwa penseli na ubaki na nakala yako, lakini iandike, kwa maana mgongano kati ya maktaba na nyumba huonekana kwenye karatasi miezi kadhaa kabla haujatokea.

Baada ya hapo panga saa za kufungua. Wakati wa kupanda na wa palizi mkulima hutoka nyumbani saa 12 asubuhi na hurudi kati ya saa 7 na saa 8 mchana. Kumfungulia mlango saa 2 asubuhi ni kujifungulia mwenyewe. Katika miezi hiyo fungua saa 8 mchana hadi saa 12 jioni, na siku ya gulio ufungue kutwa nzima. Wakati wa kiangazi rudi kwenye saa za kawaida. Ikiwa umeajiriwa, mabadiliko haya yanahitaji kibali cha maandishi cha mwajiri. Omba kibali hicho mwezi Septemba, ukiambatisha kalenda yako pamoja na idadi ya wasomaji waliofika asubuhi na waliofika alasiri msimu uliopita, na bila shaka takwimu hizo zitakutetea kuliko maelezo marefu. Asubuhi zinazobaki wazi si mapumziko: ndizo za kutengeneza vitabu, kutembelea shule na, kwa makubaliano yanayojulikana, kwenda kwenye shamba lako kabla jua halijawa kali.

Kuazimisha wakati wa palizi

Siku 14 za kuazima zinafaa kiangazi. Januari hazifai, kwa sababu msomaji anayeishi umbali wa kilomita nane, na njia imejaa tope, hawezi kuacha palizi ili arudishe kitabu. Atakaa nacho, ataona aibu, na aibu hiyo itamzuia kurudi hata mvua zikiisha. Ongeza muda hadi siku 30 kuanzia Desemba hadi Machi, na uandike tarehe ya kurudisha ndani ya jalada kwa tarakimu kubwa. Faini ya fedha naishauri iachwe kabisa. Msomaji akichelewa, mtumie ujumbe kwa mtu wa jirani yake, na akija mpokee kwa salamu kabla ya swali lolote. Kitabu kilichopotea kilipwe kwa makubaliano, na baada ya mavuno, mkulima anapokuwa na fedha mkononi.

Kwa vijiji vya mbali tumia sanduku. Sanduku la mbao lenye kufuli, vitabu 30 ndani, daftari moja na kalamu, likabidhiwe kwa mtu anayepatikana kila siku: katibu wa chama cha msingi cha ushirika, mwalimu, au muuza duka mwaminifu. Mfundishe kuandika mambo manne tu, yaani jina, kitabu, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha, kisha badilisha vitabu kila miezi miwili. Usimpe fomu zako zote. Mlinzi wa sanduku akilemewa na makaratasi, ataliweka chini ya kitanda na kulisahau.

Kila kitabu kinachotoka wakati wa mvua kitoke ndani ya mfuko. Mifuko ya unga iliyooshwa na kukaushwa inafaa sana. Mifuko ya mbolea, na hasa ile iliyobeba viuatilifu au mbegu zilizotiwa dawa, usiitumie hata ukipewa bure, kwa sababu mabaki ya kemikali hukaa kwenye nyuzi zake na kitabu kitashikwa na mtoto. Mlangoni weka ndoo yenye koki, sabuni na kitambaa. Udongo wetu mwekundu hauondoki kwenye karatasi, na msomaji aliyetoka shambani moja kwa moja atafurahi kunawa ikiwa maji yapo pale kwa kila mtu, wakati yule anayeambiwa peke yake kwamba mikono yake ni michafu hatarudi tena. Karibu na meza yako weka pia miwani ya kusomea, namba 1.50 hadi 3.00, iliyofungwa kwa kamba. Kuna wazee waliojiona wamesahau kusoma, kumbe macho tu yamechoka.

Maswali ya shambani

Hapa ndipo mkutubi wa kijijini anapotofautiana sana na mwenzake wa mjini, nami nitakaa hapa kidogo.

Panga kwanza rafu yako kwa namna inayomfaa mkulima. Kwa wanaotumia mpangilio wa Dewey, ambao huipa kila mada namba yake, kilimo kiko 630: udongo na mbinu za kulima 631, magonjwa na wadudu wa mimea 632, mazao ya shambani 633, matunda 634, mboga na bustani 635, mifugo 636, nyuki 638. Mahindi yako 633.15, kahawa 633.73, chai 633.72, kuku 636.5, na parachichi, ambalo Njombe limekuwa zao la fedha kweli kweli, 634.653. Hakuna sheria inayokulazimisha kuanza na 000 mlangoni. Sogeza 630 mahali pa kwanza ambapo macho yanafika, kisha weka 610 ya afya na 640 ya mapishi na malezi kando yake, na juu ya rafu chora picha ya zao badala ya kutegemea namba pekee.

Pili, kagua tarehe za vijitabu. Kipeperushi cha mahindi kilichochapwa kabla ya mwaka 2017 hakitakuwa na neno lolote juu ya viwavijeshi vamizi, kwa sababu wadudu hao walifika nchini mwaka huo. Na kijitabu cha nyanya cha miaka ya nyuma zaidi hakitamjua kantangaze, mdudu anayeangamiza nyanya. Vijitabu vya zamani zaidi bado vinamshauri mkulima kutumia DDT, na baadhi vinataja endosulfani, sumu ambazo mikataba ya kimataifa imezipiga marufuku mashambani. Vitoe kwenye rafu ya wazi. Kama unaona vina thamani ya historia, viweke kwenye sanduku lenye maandishi makubwa kwamba si vya kufuatwa, na liwe nyuma ya meza yako.

Tatu, jifunze kusoma lebo pamoja na mkulima. Tuseme mama mmoja ameingia alasiri, mtoto mgongoni, akiwa na chupa ya dawa ya wadudu mfukoni.

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Naomba unisomee hapa, herufi ndogo mno. Mwenye duka aliniambia kifuniko kimoja."

Kifuniko si kipimo. Lebo inasema lita 1 kwa hekta, ichanganywe na maji lita 200. Mama huyu ana ekari moja, na ekari aliyoizoea ni ile ya hatua 70 kwa 70. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo ekari yake inahitaji mililita 400 za dawa katika lita 80 za maji. Bomba lake la mgongoni linabeba lita 16. Lita 80 ni mabomba matano. Mililita 400 zikigawanywa kwa mabomba matano, kila bomba litapata mililita 80. Andika hesabu hiyo kwenye kikaratasi, kwa tarakimu kubwa, na umpe kikombe cha kupimia chenye mistari au umwonyeshe mistari kwenye bomba la sindano kubwa lisilo na sindano. Kisha msomee yaliyobaki, ambayo watu wengi hawasomewi kamwe: rangi ya ukanda wa lebo na ukali wa sumu unaooneshwa nayo, mavazi ya kujikinga, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, tarehe ya kuisha muda, na kama dawa yenyewe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mwambie pia kwamba anayebeba mtoto mgongoni hapaswi kupulizia, na kwamba kikombe hicho kisirudi jikoni.

Mkanganyiko wa hekta na ekari ndio unaowaumiza wakulima mara nyingi kuliko kutojua kusoma kwenyewe. Kijitabu kikisema mbegu za mahindi kilo 25 kwa hekta, ni kilo 10 kwa ekari. Mkulima akichukua 25 kwa ekari yake, amepoteza fedha na miche itabanana. Tengeneza jedwali moja kubwa la kubadilisha hekta kuwa ekari na ulibandike ukutani karibu na 633. Hakuna kitabu ninachokijua ambacho kimefanya kazi kubwa katika maktaba ya kijijini kama jedwali la namna hiyo.

Hata hivyo mpaka upo. Mkutubi husoma, hupiga hesabu na huonesha chanzo. Hamwandikii mkulima dawa. Ukiletewa jani la hindi lenye matundu na kinyesi cha mdudu kama unga wa mbao ndani ya kikonyo, fungua picha za viwavijeshi vamizi mkaangalie pamoja, lakini shauri la nini kipuliziwe litoke kwa afisa ugani au kwa watafiti, kama wale wa kituo cha Uyole mkoani Mbeya. Omba afisa ugani akae maktabani angalau siku moja ya gulio kila mwezi, na umtengee meza. Kila swali liandike kwenye daftari la maswali, pamoja na tarehe, jibu lililotolewa na mahali lilipotoka. Maswali ambayo hayakupata jibu yapigie mstari mwekundu, tutayarudia mwishoni.

Mchwa, panya na maji

Rafu zisiguse ukuta. Acha nafasi ya sentimita 10 ili uone njia za mchwa zinapopanda. Kila mguu wa rafu ya mbao uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu, na kila Jumatatu pita na tochi nyuma ya rafu. Ukiona udongo unaopanda ukutani, usiufute tu. Fuata mpaka unakotoka, kwa maana mchwa atajenga tena usiku uleule.

Hatari kubwa zaidi huja na mavuno. Mwezi Juni jengo la maktaba huwa ndilo lenye bati zima na mlango wenye kufuli, na uongozi wa kijiji, kwa nia njema kabisa, utaomba kuhifadhi humo magunia ya mahindi kwa muda mfupi. Kataa kwa heshima, mapema, na kwa maandishi. Mahindi huleta panya. Huleta pia dumuzi, yule ambaye wakulima walimpa jina la Skania, na ambaye hatoboi punje pekee bali hutoboa hata mbao. Akishaingia kwenye rafu hutamwona mpaka vumbi lianze kudondoka. Kubwa kuliko hayo ni vidonge vya kufukizia. Gesi inayotoka kwenye vidonge hivyo huua watu, na chumba ambacho watoto hukaa kusoma hakiwezi kuwa ghala la mahindi yaliyofukizwa. Ukitaka kumsaidia mwenyekiti, msaidie kwa vipeperushi vya mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humnyima mdudu hewa bila dawa yoyote, na mpe nafasi afisa ugani aoneshe matumizi yake uwanjani mbele ya maktaba.

Kitabu kikilowa, muda ni mfupi, kwani ukungu huweza kuanza ndani ya siku mbili. Usikianike juani, jua hukunja jalada na kuunguza gundi. Kisimamishe wima kivulini, mahali penye upepo, kurasa zikiwa zimefunguka kidogo, na uweke karatasi inayonyonya maji kila baada ya kurasa 10 au 20, uibadilishe inapolowa. Kurasa zenye picha na karatasi ya kung'aa zitenganishe mara moja zikiwa bado mbichi, kwa sababu zikikauka zimegusana hazitaachana tena. Kitabu kikikaribia kukauka, kibanie chini ya ubao wenye mawe mpaka kinyooke.

Nyumba ya mkutubi

Mkutubi wa kijijini naye ni mkulima, hata kama anapokea mshahara. Majirani watamwona kwa macho mawili: kama mtumishi, na kama mwenye shamba ambalo lisipopaliliwa litakuwa aibu ya ukoo. Kwa hiyo mwenzi wako lazima aione kalenda ile ya manila kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Kaeni mezani Oktoba mwulizane mambo ya wazi: ekari ngapi mtalima kwa mikono yenu na ngapi kwa vibarua, nani atakuwa nyumbani saa 8 mchana wakati wewe unafungua maktaba, nani atapika siku ya gulio. Sisi tuliamua kulima kidogo na kupalilia vizuri, na ninawashauri wenzangu wafikirie hivyo, kwa sababu ekari tatu zilizosongwa na magugu hazizidi ekari moja na nusu iliyopaliliwa kwa wakati, na ugomvi unaotokana na magugu huingia mpaka chumbani.

Kama ninyi ni wa kualikana shambani, shiriki zamu zako bila kukosa. Mkutubi anayealikwa asiende, kisha akategemea watu waje shambani kwake, atakuta hata maktaba imepungua watu. Ni vile vile kwa misiba. Msiba ukitokea kijijini, funga mlango, bandika tangazo lenye siku ya kufungua tena, uende kuungana na wenzako. Hakuna msomaji atakayekuja siku hiyo, na kukaa ndani na vitabu wakati kaburi linachimbwa ni jambo ambalo halitasahaulika. Kwa misiba ya mbali na kwa siku ambazo mtoto wako anaumwa, uwe na mtu mmoja uliyemfundisha kazi, anayejua daftari na mahali ufunguo ulipo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo anafaa sana, na wengine wao, wakishaionja kazi, huomba kwenda chuo cha ukutubi Bagamoyo.

Watoto wako watakuwa maktabani kila siku baada ya shule, jambo ambalo lina baraka na hatari yake. Wape kazi ndogo zinazoeleweka, kama kupiga mihuri au kupanga vitabu vya hadithi, lakini usiwape meza ya kuazimisha, wala wasipewe kitabu kipya kabla ya mtoto wa mtu mwingine. Watoto wa kijiji huona haraka sana nani anapendelewa. Pia uwatengee muda ambao wewe ni mama au baba yao tu. Nyumbani kwetu muda huo ni wa kupukuchua mahindi baada ya mavuno. Taa ya sola hutundikwa juu ya mlango, mkeka hutandikwa, na mmoja husoma kwa sauti wakati wengine wanapukuchua; akimaliza sura moja humpa kitabu anayefuata, naye hupumzisha vidole vyake. Chagueni kitabu chenye sura fupi na mazungumzo mengi. Mtoto aliye dhaifu katika kusoma asianze wa kwanza; aanze wa tatu, akiwa amekwisha kuizoea sauti ya hadithi na majina ya wahusika. Kwa njia hii bibi asiyejua kusoma anapata hadithi nzima, na mara nyingi ndiye anayedai sura moja zaidi gunia likiwa limeshajaa.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi. Usikope kwenye vikoba kwa kutegemea posho ambayo haijafika, na usichanganye kamwe sanduku la michango ya maktaba na fedha ya mbolea ya nyumbani, hata kwa siku moja. Mshahara wako unajulikana kijijini kote, na wanaokuja kukopa watakuja Februari, wakati chakula kimepungua majumbani. Amueni mapema wewe na mwenzi wako kiasi mnachoweza kutoa bila kudai, na mkishafika hapo mseme hapana kwa kauli moja.

Julai na Agosti

Mahindi yakishaingia ndani, hesabu vitabu. Funga maktaba kwa siku chache tu, ukitangaza mapema makanisani, misikitini na kwenye gulio ili watu warudishe walichonacho. Pita rafu kwa rafu ukilinganisha na rejista, mtu mmoja akisoma namba na mwingine akitia alama. Vilivyochanika vishonwe, vilivyoliwa na mchwa vifutwe kwenye rejista kwa idhini ya maandishi, na visivyoazimwa kwa miaka kadhaa vichunguzwe sababu kabla ya kuondolewa, kwa maana wakati mwingine kitabu kizuri kimekaa tu kwenye rafu ya chini ambako hakuna anayeinama.

Halafu rudi kwenye daftari la maswali. Yale yaliyopigiwa mstari mwekundu yahesabu kwa mada: mangapi ya parachichi, mangapi ya mnyauko wa viazi, mangapi ya kuku, mangapi ya uzazi na afya ya watoto, mangapi ya mirathi ya ardhi, mangapi ya mizani na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Hiyo ndiyo orodha yako ya kuagiza, na ina nguvu kuliko orodha yoyote ya vitabu vizuri utakayoletewa na mtu asiyeishi hapo. Andika barua za maombi kabla Agosti haijaisha: moja kwa Bodi ya Huduma za Maktaba au mwajiri wako, moja kwa ofisi ya kilimo ya halmashauri, moja kwa kituo cha utafiti kilicho karibu. Taja mada, taja idadi ya waliouliza, na taja kwamba vijitabu vinahitajika kijijini kabla ya Novemba, kwa sababu kipeperushi cha kupanda kinachofika Januari kitasubiri mwaka mzima. Ambatisha nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la maswali, ukiwa umefuta majina ya watu. Nakala ya kila barua ibaki kwenye jalada pamoja na tarehe na jina la aliyeipokea, kwa kuwa utakapopiga simu ya kufuatilia mwezi Oktoba, huenda aliyeko mezani si yule aliyeipokea mwezi Agosti.